"Nina wafuasi, tovuti ya kazi gani?"

Swali hili nimeulizwa Sinza, nimeulizwa Kariakoo, na juzi nikaulizwa tena na mpiga picha wa harusi wa Tabata, kijana ambaye kazi zake ni nzuri kweli: "Kaka, mimi nina wafuasi elfu arobaini Instagram. Tovuti ya kazi gani?" Kazi yangu ni kutengenezea watu binafsi tovuti: mafundi, washereheshaji, waandishi, wapambaji. Katika dhana zote ninazokutana nazo, hii ndiyo inayonichosha zaidi, kwa hiyo naijibu kwa kirefu.

Watu wanaamini akaunti ni yao na wafuasi ni wao. Si kweli. Namba zao za simu huna, barua pepe zao huna, na wewe si unayeamua nani aione posti yako leo. Instagram ilitangaza mwaka 2016 kwamba haitapanga tena posti kwa kufuata muda zilipowekwa. Tangu hapo mtu anaweza kukufuata kwa moyo mmoja na kazi zako zisimfikie wiki nzima. Elfu arobaini unayoisoma pale juu si watu unaoweza kuwafikia siku ukitaka kuwaambia jambo.

Halafu kuna siku akaunti inapoondoka. Mteja wangu mmoja, mpambaji wa kumbi, alipokea ujumbe kutoka kwa mtu anayemfahamu: "Dada, kuna tarakimu sita zimekuja kwenye simu yako kimakosa, nitumie." Akatuma, kumbe ndizo namba za kuthibitisha za kuingilia akaunti yake. Kufika jioni jina la akaunti lilikuwa limebadilishwa na picha za maharusi zimefutwa, pamewekwa matangazo ya kuzalisha pesa. Kuirudisha kukashindikana, maana barua pepe aliyofungulia akaunti alishasahau nywila yake. Picha zenyewe alikuwa amezifuta kwenye simu ili apate nafasi. Kazi ya miaka yote ilikuwa mle tu. Na waliokwisha kumlipa kianzio walikuwa wanampigia wakidhani ametapeliwa, wengine wakidhani tapeli ni yeye.

Hata asipokuja mwizi, mitandao yenyewe hufa. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ilifungwa Aprili 2019. Mwaka huohuo MySpace ilikiri kupoteza nyimbo ambazo watu waliziweka kwa zaidi ya miaka kumi. Oktoba 4, 2021, jioni ya hapa kwetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita kwa kosa lililofanyika ndani ya mtandao wao wenyewe. X (zamani Twitter) nayo ilizuiwa hapa Tanzania Mei 2025.

Tovuti haina kinga ya kila kitu, na sitaki kumdanganya mtu. Intaneti ya nchi nzima ikikatwa, kama ilivyokuwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, tovuti yako nayo haifunguki kwa walioko nchini. Tofauti ni kwamba mafaili unayo mwenyewe. Kampuni inayoyahifadhi ikikuudhi au ikifilisika, unayahamishia kwingine, unaelekeza domeni yako (yaani jina la anwani ya tovuti) kwenye seva mpya, kompyuta inayoihifadhi tovuti, na mteja anaandika anwani ileile aliyoizoea bila kujua kama ulihama.

Ndiyo maana nasisitiza domeni kabla ya rangi na kabla ya nembo. Majina ya .tz unanunua kwa msajili aliyeidhinishwa. Wengi wanaijua .co.tz tu, kumbe ipo na .me.tz kwa ajili ya watu binafsi. Hakikisha imesajiliwa kwa jina lako, kwa barua pepe yako na kwa namba unayoitumia sasa. Nimeona watu wengi mno ambao domeni zao ziko kwa jina la fundi aliyewatengenezea tovuti, na fundi hapokei simu. Fundi asiyetaka kukupa nywila ya akaunti ya domeni uliyoilipia, achana naye siku hiyohiyo.

Zipo na dhana nyingine ninazozisikia. "Tovuti ni mamilioni." Mfumo wa duka lenye malipo, sawa, una gharama zake. Lakini maelezo yako, picha kumi na mbili, bei na namba ya WhatsApp ni kurasa chache za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Huduma kama GitHub Pages na Cloudflare Pages zinazihifadhi bure, na cheti cha usalama kutoka Let's Encrypt, kinacholinda mawasiliano kati ya tovuti na anayeifungua, ni bure pia. Unacholipa kila mwaka ni domeni. Weka ukumbusho kwenye simu, usiiache iishe muda.

"Lazima nisomee kompyuta." Hapana. HTML ya ukurasa wa namna hii inajifunzika kwa siku chache.

"Tovuti inakula bando la mteja." Inakula ikitengenezwa vibaya, na hapa nagombana na wateja wangu wenyewe wanaotaka picha zinazojizungusha na video inayojiwasha. Picha moja iliyotoka kwenye simu inaweza kufika MB 4. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 1200, na mara nyingi itashuka chini ya KB 300, na macho hayataona tofauti. Mteja wako anaifungua akiwa kwenye daladala.

"Nikiifungua tu, Google itaniweka juu." Google inahitaji muda, na inahitaji maneno. Kichwa cha ukurasa kikiwa "Karibu kwenye tovuti yetu", hakuna binadamu anayetafuta maneno hayo. Andika "Mpiga picha wa harusi Tabata, Dar es Salaam", kisha isajili tovuti kwenye Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti.

"Kwa hiyo nifute Instagram?" Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Kazi mpya iweke kwanza kwenye tovuti yako, ikiwa na maelezo na bei, ndipo uposti picha moja au mbili huko. Na linki ya kwenye bayo, yale maelezo mafupi ya akaunti yako, ielekeze kwenye domeni yako, si kwenye kurasa za bure za kukusanyia linki.