Kabla ya Kuipaisha Helikopta ya Rimoti, Jifunze Kuizima

Shule zikifungwa mwezi wa Desemba, karakana yetu chuoni hupokea helikopta za rimoti zilizovunjika mkia, zilizopinda mhimili au zilizoungua mota. Mwenye nayo huja akitafuta vipuri. Sisi humwuliza kwanza: ulipoona inakwenda mrama, ulifanya nini? Jibu huwa lile lile, kwamba alijaribu kuiokoa. Aliongeza nguvu, akavuta vijiti huku na huku, na mashine ikazidi kuyumba hadi ikakutana na ukuta. Huyo amebahatika, kwa sababu kingekuwa kichwa cha mtu.

Ndiyo maana tunaanza na kuzima.

Tupige hesabu kidogo. Chukua helikopta ya ukubwa wa kati, rota yake kuu, yaani mapanga makubwa ya juu, ina upana wa sentimita 70 na inazunguka mara 2,800 kwa dakika. Ncha ya panga lake inakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 370 kwa saa. Panga lenyewe mara nyingi ni la nyuzi za kaboni, jembamba na gumu. Mnamo Septemba 2013, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ya rimoti katika bustani moja ya Brooklyn, New York. Ilikuwa mashine ya kujifurahisha, inayonunuliwa dukani kama nyingine. Droni ndogo ya mapanga manne ya plastiki itakuchana kidole. Helikopta ya rota moja yenye ukubwa huo inaweza kuua, na mzazi anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla hajatoa pesa. Zipo helikopta ndogo za ndani ya nyumba zenye rota mbili zilizopandana, nyepesi na tulivu. Kwa maoni yangu anayeanza aanze na hizo, ndani ya ukumbi mtupu usio na upepo, hata kama ana umri wa kutosha na mfuko mnene.

Rimoti ya kawaida ina vijiti viwili. Katika mpangilio uliozoeleka zaidi, kijiti cha kushoto kikisukumwa mbele helikopta inapanda, kikivutwa nyuma inashuka, kikisogezwa kando pua inageuka. Cha kulia kinailaza mbele, nyuma, kushoto au kulia. Upo pia mpangilio ambao nguvu iko mkono wa kulia, na rimoti ya mitumba inaweza kukufikia ikiwa imepangwa hivyo bila muuzaji kujua. Yathibitishe hayo mapanga yakiwa yametolewa.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwenye helikopta ndogo, ambayo mapanga yake hayabadili pembe, kijiti cha nguvu kikifika chini mota inasimama. Kwenye helikopta kubwa mapanga hubadili pembe huku yakizunguka, na rimoti ina swichi inayoiagiza mota izunguke kwa kasi kamili popote kijiti kilipo. Hivyo ndivyo mabingwa wanavyoirusha kichwa chini miguu juu. Swichi hiyo ikiwa imewashwa, ukikishusha kijiti kwa hofu mota haizimiki. Unachofanya ni kugeuza pembe ya mapanga ili yaisukume mashine chini kwa nguvu zote, na inapogonga ardhi bado inazunguka kwa kasi ile ile na kurusha vipande. Kwa sababu hiyo rimoti za helikopta kubwa huwa na swichi nyingine, ya kukata mota. Ikiwa rimoti yako haijapangiwa swichi hiyo, ipange leo, kabla ya jambo lingine lolote.

Kisha ifundishe mikono. Mapanga yakiwa mezani, shika rimoti kama unayeruka, tazama mbele, na uitafute swichi kwa kidole bila kushusha macho. Mimi humtaka mwanafunzi aikate kila ninapopiga makofi, hata tukiwa katikati ya mazungumzo ya mambo mengine. Wanacheka mwanzoni. Droni nyingi za mapanga manne huzimwa kwa kuvuta vijiti vyote viwili chini na ndani kwa pamoja. Soma kitabu cha maelezo, maana baadhi hukubali amri hiyo zikiwa angani na nyingine hukataa.

Lini uikate? Mtoto akikatiza, kata. Ikianza kutetemeka au kutoa sauti usiyoifahamu, kata. Usipojua tena pua imeelekea wapi, kata. Itaanguka, itavunjika, na vipuri vinauzwa. Kutokana na hilo linafuata jingine: kwa kuwa umekubali kuiacha ianguke wakati wowote, huwezi kuirusha juu ya kitu ambacho hutaki kiangukiwe. Watu, magari, vibanda vya mama mboga na paa la jirani vyote viko nje ya mjadala. Ikishatua au kuanguka, subiri mapanga yasimame kabisa. Rota iliyokatiwa mota huendelea kuzunguka kwa muda, na huo ndio muda ambao watoto hukimbilia kuiokota.

Utaratibu wa kuwasha una mantiki yake. Rimoti huwashwa kwanza, kijiti cha nguvu kikiwa chini na swichi ya kukata mota ikiwa upande wa kukata, ndipo betri ya helikopta iunganishwe. Wakati wa kumaliza ni kinyume: chomoa betri ya helikopta, halafu zima rimoti. Ukivuruga mpangilio huo, kuna dakika ambayo mashine iko hai na hakuna anayeiamuru. Kuna pia kipimo ambacho watu hukiruka kwa uvivu. Tenganisha nyaya za mota ya rota kubwa, au uondoe mapanga, kisha zima rimoti helikopta ikiwa imewashwa na utazame inafanya nini inapopoteza mawasiliano. Nguvu inapaswa kushuka hadi sufuri. Ikiwa inashikilia amri ya mwisho iliyopokea, siku mawasiliano yatakapokatika itaendelea na safari peke yake. Rimoti nyingi za sasa hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya waifai za majumbani, na kwenye fleti zilizobanana kama za mtaa wa Pipeline hapa Nairobi masafa hayo yamejaa. Usielekeze ncha ya antena kwa helikopta. Mawimbi ya antena ya fimbo hutoka ubavuni, na nchani ni hafifu.

Sasa ipaishe. Simama nyuma ya helikopta, mkia ukiwa upande wako, umbali wa mita kumi au zaidi kwa ile ya ukubwa wa kati, na uwatake watazamaji wote wasimame nyuma yako. Ipandishe juu ya kimo cha upepo wake unaorudi kutoka ardhini, lakini isizidi kimo cha macho, na uishikilie hapo. Kazi ya wiki za mwanzo ni hiyo tu. Wanafunzi huchoka nayo haraka, lakini ukiigeuza pua ikutazame kabla hujaimudu, kushoto kunakuwa kulia na kulia kunakuwa kushoto, kama mtu anayejinyoa kwenye kioo, na mkono unakosea kabla akili haijafikiri. Ajali nyingi tunazoletewa hutokea pua ikiwa imemwelekea rubani. Programu ya mazoezi kwenye kompyuta hulimaliza tatizo hili kwa gharama ndogo kuliko seti moja ya mapanga. Wakati wa kushuka, usishuke wima kwa kasi. Rota inaingia ndani ya upepo iliousukuma yenyewe, inakosa cha kushikilia, na kuongeza nguvu hakusaidii. Shuka polepole huku ukisonga mbele kidogo.

Nairobi ina shida yake ambayo vitabu vya maelezo haviitaji. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Panga hupata nguvu ya kunyanyua kwa kusukuma hewa chini, kwa hiyo hapa lazima lizunguke kwa kasi zaidi au liwe na pembe kali zaidi ili kubeba uzito ule ule. Mota inapata joto zaidi na betri inakwisha mapema. Boksi likisema dakika kumi, panga dakika saba, tena uweke kengele kwenye rimoti. Mchana wa joto hewa huwa nyepesi zaidi, na upepo nao huongezeka. Asubuhi, kabla jua halijapamba moto, ndio wakati mzuri. Angalia pia mwewe. Hapa jijini wamezoea kunyakua nyama mikononi mwa watu, na kitu kidogo kinachonguruma katika eneo lao hukivamia bila woga. Mwewe akianza kuizunguka, shusha mashine.

Kuhusu sheria nitasema lile linalowagusa wengi. Kanuni za ndege zisizo na rubani za mwaka 2020 zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Mashine husajiliwa, mmiliki awe amefikisha miaka 18, na kuingiza nchini kunahitaji kibali, hivyo anayeagiza kutoka ng'ambo akiulizie kabla hajalipa. Mwisho wa kupanda ni futi 400 kutoka ardhini, kama mita 120, na kando usikaribie watu, magari na majengo yasiyo chini yako kwa chini ya mita 50. Bila idhini huruhusiwi kuruka ndani ya kilomita 10 za viwanja vikubwa vya ndege, au 7 za vidogo.

Hebu chukua ramani ya Nairobi uchore miduara hiyo. Mmoja kuzunguka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kule Embakasi, wa pili ule wa Wilson, wa tatu uwanja wa kijeshi wa Eastleigh. Westlands imo, Kibera imo, Buruburu imo, Pipeline imo, na katikati ya jiji pia imo. Bustani za Uhuru Gardens, ambako familia hupenda kupumzika Jumapili, ziko jirani kabisa na Wilson. Ndege ndogo za Wilson hupita chini, mara nyingi zikiwa na wanafunzi wa urubani, na anga lile limesongamana tayari: Machi 2024 ndege mbili zilizotoka hapo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi na watu wawili wakafa. Juu ya mbuga yenyewe usiruke bila ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukikimbilia upande wa Kajiado kutafuta nafasi, uliza kwanza, maana huko nako kuna viwanja vidogo vya ndege vya watu binafsi. Ikiwa mashine yako ina kamera, ua na dirisha la jirani vinalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Paa la ploti ndilo uwanja mbaya kuliko yote, na ndilo linalopendwa. Kuna kamba za nguo, matangi, watoto, na nondo ndani ya zege zinazovuruga dira ya mashine inayotegemea setilaiti. Ikipotoka inaanguka barabarani kutoka ghorofa ya saba. Ikinasa kwenye nyaya za stima, iache. Usitumie fimbo, mti au ngazi. Wapigie Kenya Power.

Nimebakiza betri. Betri za lithiamu za helikopta zina seli ambazo zikijaa hufika volti 4.2 kila moja. Acha kuruka kabla seli haijashuka chini ya 3.3, na ukitaka kuiweka wiki kadhaa iache kwenye 3.8, wala si ikiwa imejaa. Tumia chaja inayosawazisha seli, na kwa betri ya miliampia 2,200 usizidishe ampia 2.2. Usichaji ukiwa umelala wala ukiwa umetoka, na usichaji juu ya kitanda au karibu na pazia. Stima ikipotea kisha ikarudi, ikague chaja kabla ya kuendelea. Betri iliyoanguka na helikopta iweke nje kwenye sakafu ya simiti na uitazame kwa nusu saa hivi, kwa sababu seli iliyoumia ndani inaweza kuwaka baadaye. Iliyofura haichajiwi tena, haitobolewi, wala haitupwi kwenye pipa la ploti; ihifadhi kwenye ndoo ya mchanga mkavu, kisha uipeleke kwa wakusanyaji wa taka za elektroniki. Moto ukizuka, toa watu kwanza, kaa mbali na moshi wake, na upige 999 au 112.