Mhariri si mtahini: dhana potofu za watunzi wetu

Barua pepe nyingi zinazonifikia hapa Kisumu huanza kwa "Shikamoo Mwalimu" na kuishia kwa "naomba unisahihishie." Sijawahi kushika chaki. Kazi yangu ni kusoma mashairi na hadithi fupi zinazoletwa kwa jarida dogo, nyingi kutoka Bungoma, Busia, Vihiga na Nakuru, na mara nyingi nazisomea ndani ya matatu ya Kakamega, simu mkono mmoja, nauli mkono wa pili. Huko kuitwa mwalimu ndiko kunakonionyesha kosa linapoanzia. Mtunzi ameandika kama mtu anayesubiri alama.

"Msamiati mzito ndio ukomavu"

Tuliopitia shule za msingi Kenya tunajua hii ilikotoka. Insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilikuwa na alama 40, na hadi mtihani huo ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto walikaririshwa mianzo: majogoo yamewika, jua limechomoza matlai, ndege wanatumbuiza mitini. Hakuna aliyeuliza ni ndege gani. Ungeweza kumtoa ghulamu mbio kama mshale kuelekea shambani bila kujua shamba lenyewe lina mahindi au miwa.

Mtahini alitaka kuona kama maneno unayo. Msomaji hana shida na hilo. Anataka kujua nini kilitokea. Majuzi nilipokea hadithi ya kijana wa bodaboda kule Mbale aliyembeba mgonjwa usiku. Aya mbili za kwanza zilikuwa mbalamwezi na nyota. Ya tatu ilianza hivi: "Mguu wa mzee ulikuwa unagusa bomba la moshi, naye hakusema lolote." Nikazifuta zile mbili za juu. Mwandishi akanipigia simu, sauti imepanda: "Mwalimu, mbona umekata utangulizi wangu?" Nikamwomba jioni hiyo amsomee mamake matoleo yote mawili. Simu haikulia tena, lakini toleo alilorudisha lilianzia kwenye bomba la moshi.

"Hadithi lazima iishe na funzo"

Hii nayo ni ndugu wa insha ya methali. Nikifika mahali pa "hapo ndipo nilipojua kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu," hurudi nyuma aya moja. Mara nyingi hadithi ilikuwa imeishia pale, mwandishi hakugundua.

"Mizani zikitimia, shairi limekamilika"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapojiamini zaidi.

Tarbia tuliyoizoea ina mishororo (mistari) minne katika ubeti na mizani (silabi) 16 katika mshororo, nane ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane utao, nusu ya pili. Watu huhesabu kwa vidole, na wengine hukosea papo hapo. "Mtu" ni mizani mbili, "nchi" ni mbili, na "mbuzi" pia ni mbili tu, kwa sababu ile m yake haisimami peke yake. Hilo linajifunzika kwa alasiri moja. Tatizo kubwa ni la yule anayehesabu sawasawa halafu akaridhika. Tazama mshororo huu uliofika mezani kwangu:

Nakumbuka ziwa letu, maji yake ni mazuri

Nane na nane, hauna kasoro. Lakini ungeweza kutungwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga ufuo wa Dunga. Mtunzi wake ni binti wa Nyalenda, na ziwa analiona kila wiki. Nikamuuliza: asubuhi ukienda ufukweni, jicho lako hutua wapi kwanza? Alinyamaza siku mbili, kisha akaleta hivi:

Mama anapara mbuta, magamba hadi viwiko

Hesabu tena: nane na nane. Mbuta ni sangara, kwa walio mbali na ziwa. Safari hii kuna mtu, kuna samaki, na kuna kitu kinachong'aa kwenye mikono. Vina navyo, zile silabi za mwisho wa kila nusu, vimehama kutoka tu na ri hadi ta na ko, kwa hiyo ubeti mzima ukalazimika kuandikwa upya, na kina cha ko kikamsumbua wiki nzima. Usumbufu huo ndio uliolizaa shairi, kwa sababu katika kutafuta neno la kuishia na ko alijikuta amefika kwenye deni la mama ambalo hakuwa amepanga kulitaja.

Uhuru wa mshairi? Upo, na una majina yake: inkisari ya kufupisha neno, mazida ya kulirefusha, tabdila ya kuligeuza, pamoja na kuboronga sarufi, yaani kupangua mpangilio wa maneno. Lakini aliyegeuza "gari" kuwa "garo" ili litangamane na "mchoro" asinitajie uhuru. Alichoka tu.

"Shairi huru ni la wavivu"

Malumbano haya yamezeeka. Mshairi Amri Abedi aliziweka sheria za utunzi kitabuni mwaka 1954. Miaka 20 baadaye mshairi Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake, Kichomi, bila vina wala mizani, na watu wakagombana kweli kweli. Mimi huchapisha yote mawili. Ila shairi huru hulitilia shaka zaidi, kwa kuwa aliyeacha mizani inambidi anionyeshe kwa nini mstari umekatika pale ulipokatika. Mara nyingi umekatika kwa sababu kioo cha simu kiliishia hapo.

"Kiswahili cha vitabuni ni cha watu wa pwani"

Mwandishi Ken Walibora alitoka upande huu wa Bungoma na Kitale, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1996. Tuendelee.

"Nikituma kabla ya kusajili, mhariri ataniibia"

Huniuliza hili kwa kunong'ona, kana kwamba mwizi mwenyewe si mimi wanayemwandikia. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ni yako tangu unapoiandika kazi, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ni hiari. Kunasaidia ushahidi ukizuka mzozo. Kisicholindwa ni wazo tupu. "Hadithi ya mvuvi anayezama" si mali ya mtu. Maneno uliyomzamishia ndiyo yako. La kuogopa zaidi ni mkataba usiousoma. Angalia kama jarida linachukua haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu, ambayo baadaye hukurudia, au linachukua kila kitu milele.

"Facebook si kuchapisha"

Kwa majarida mengi, ni kuchapisha. Shairi uliloliweka hadharani likapata mioyo 200 huenda lisipokelewe tena kama jipya. Lakini usiende upande wa pili ukaudharau mtandao: Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Afrika, mwaka 2002 kwa kazi iliyokuwa imechapishwa mtandaoni. Na kwa kuwa wengi huniuliza, tuzo hiyo hupokea hadithi za maneno 3,000 hadi 10,000 zilizokwisha kuchapishwa, kwa Kiingereza au zilizotafsiriwa kwa Kiingereza, na anayezituma ni mchapishaji. Kuniletea mswada ukitaka niupeleke huko kesho ni kunionea.

"Tuma kila mahali, mmoja atashika"

Nilifanya hivyo nikiwa na miaka 23. Hadithi moja, majarida mawili, bila kuyaambia. Yote mawili yakakubali wiki moja. Nilijiona nimefika, mpaka nikalazimika kumwandikia mhariri mmoja, aliyekuwa amekwisha kupanga kurasa, kwamba naiondoa. Hakunijibu, na hakuwahi kunijibu tena. Majarida mengine huruhusu kutuma kwingi mradi useme tangu mwanzo na utoe taarifa mara tu upatapo kibali. Soma masharti. Ni dakika tano.

"Kukataliwa ni kufeli"

Toleo letu moja lina nafasi ya hadithi sita. Nikiwa nimekwisha kuchukua mbili za mazishi, ya tatu itarudi hata kama ni nzuri kuliko hizo. Nikikuandikia "tutumie nyingine," maana yake ni hiyo hiyo: nataka nyingine. Sina muda wa adabu za bure. Kinachonishangaza ni wanaojibu kwa matusi saa tano usiku, halafu mwezi ujao wanaleta kazi nyingine kwa jina lile lile.

"Atanielewa tu"

Huyu hutuma daftari lililopigwa picha, kurasa 14 kwa WhatsApp, nyingine zimelala ubavu. Tuma faili ya Word, jina lako na jina la kazi juu yake, na sentensi mbili tatu za kujieleza. Picha za daftari sizisomi. Nilisoma mara moja tu, kwa sababu mstari wa kwanza ulinikamata, nikazichapa zote kwa mkono usiku kucha. Ukurasa wa tisa, kidole gumba cha mpiga picha kilikuwa kimefunika mstari mzima katikati ya hadithi. Nikamwandikia anitumie mstari ule. Akajibu kwamba daftari lilinyeshewa, na hakumbuki alikuwa ameandika nini.