Je, wajua mti wa Noeli ulitoka wapi, na kama Biblia inaukataza?

Kila Desemba miti ya plastiki ya kijani hupangwa katika soko la Kadutu, hapa Bukavu, kando ya nguo za watoto za sikukuu. Na kila Desemba swali hurudi makanisani: Mkristo anayeuweka mti huo sebuleni anaabudu nini? Wapo wahubiri wanaosema ni sanamu ya wapagani. Andiko lao ni Yeremia 10:3-4, panaposimuliwa mtu anayekata mti mwituni, akaupamba kwa fedha na dhahabu, akaukaza kwa misumari usitikisike.

Tafadhali usifunge Biblia hapo. Mstari wa 5 unasema kitu hicho hakisemi, tena hubebwa kwa kuwa hakiwezi kwenda. Mstari wa 9 unakivika nguo za samawati na zambarau. Hilo ni gogo lililochongwa na fundi likageuzwa mungu. Isitoshe, Yeremia alihubiri zaidi ya miaka 2,000 kabla ya watu kuanza kupamba miti ya Noeli.

Ni kweli kwamba Warumi na watu wa kaskazini mwa Ulaya walipamba nyumba kwa matawi mabichi wakati wa baridi hata kabla ya Injili kuwafikia. Lakini mti huu wenyewe una historia yake. Katika nchi za Wajerumani, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Eva. Watu waliigiza habari za bustani ya Edeni, wakahitaji mti wa kusimama katikati. Majira hayo miti mingi imepukutika majani, isipokuwa ile ya jamii ya msonobari. Basi wakautundika huo matofaa. Mwaka 1605, msafiri mmoja aliyepita Strasbourg aliandika kwamba watu waliweka miti hiyo majumbani na kutundika waridi za karatasi, matofaa, sukari na mikate myembamba inayofanana na hostia, ule mkate wa Komunyo. Tunda la anguko na mkate wa wokovu kwenye tawi moja! Mimi naona hiyo ni katekisimu nzima, hata asiyejua kusoma angeielewa.

Wakatoliki walichelewa kuupokea. Wao walikuwa na pango la Noeli, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, desturi iliyopata nguvu tangu Fransisko wa Asizi alipoandaa la kwake huko Greccio mwaka 1223, na mti waliuona kuwa jambo la Waprotestanti. Katika uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatikani, mti wa kwanza ulisimamishwa mwaka 1982 tu.

Kwa hiyo Biblia haiuamuru wala haiukatazi. Kwetu Kivu tunasimika migomba kwenye lango la arusi, na sijasikia mtu akisema tunaiabudu. Anayesumbuliwa na dhamiri asiuweke, na asihukumiwe. Warumi 14 inamlinda yeye kama inavyomlinda jirani yake mwenye mti. Hata tarehe hatulingani: ndugu zetu Wakimbangu, waumini wa kanisa la Simon Kimbangu hapa Kongo, husherehekea Noeli tarehe 25 Mei.

Ninachokiogopa kweli ni mishumaa. Tawi la mberoshi likikaa ndani siku chache hukauka, na utomvu wake hushika moto upesi. Umeme ukikatika usiku wa mkesha, watu huwasha mishumaa karibu nalo, na katika nyumba za mbao zilizobanana, moto wa nyumba moja huteketeza mtaa. Weka mshumaa mezani, mbali na matawi, na uuzime kabla ya kulala.