"Nilisafishwa": neno linaloficha makovu ya kizazi

Mimba ikiharibika na mabaki yakatolewa hospitalini, huku Kisumu mwanamke husema, "Nilisafishwa." Miezi ikipita bila hedhi, shangazi humnong'oneza kwamba hakusafishwa vizuri, arudi aoshwe tena. Hapo neno huanza kuumiza.

Makovu ya kizazi ni kuta za ndani za mfuko wa uzazi kushikana baada ya kuchubuliwa. Madaktari huyaita ugonjwa wa Asherman, kwa jina la Joseph Asherman aliyeueleza mwaka 1948, ingawa Heinrich Fritsch alikuwa ameuandika tangu 1894.

Kinachopotosha ni hilo "safisha". Safi tumeipata kwa Waarabu. Waliokipa kifaa jina nao hawakutushinda: kureti, ile fimbo ya chuma yenye kitanzi nchani ya kukwangulia kizazi, imetokana na neno la Kifaransa lenye maana hiyohiyo ya kusafisha. Lakini kizazi si sufuria, hakisuguliwi hadi king'ae. Utando wake una matabaka mawili: la juu hutoka na hedhi, la chini ndilo shina linaloliotesha upya. Kureti ikizama hadi la chini, shina limekwenda. Na kwa kuwa mfuko mtupu hulala bapa kama mfuko wa suruali, kidonda cha mbele hugusana na cha nyuma, vikapona vimeshikana. Si kila aliyekwanguliwa hupatwa, ila kurudia huzidisha hatari. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza kufyonza mabaki au kutumia dawa badala ya kureti.

Wala makovu haya si "mirija imeziba". Mirija ni njia ya yai. Hapa kinachokosekana ni mahali pa mimba kujishikiza. Hedhi hupungua au hukauka, na wengine huumwa tumbo kila mwezi bila tone la damu, huku homoni ziko sawa. Ultrasaundi ya kawaida huweza isione kitu. Kamera nyembamba inayopitishwa mlango wa kizazi ndiyo huona, na papo hapo makovu hukatwa kwa mkasi mdogo. Mimba ikishika baadaye, kondo la nyuma huweza kung'ang'ania ukutani, kwa hivyo kujifungulia kuwe karibu na chumba cha upasuaji.

Daktari akikuuliza, "nilisafishwa" haimfikishi mbali. Mwambie kama ulifyonzwa au ulikwanguliwa, mimba ilikuwa ya wiki ngapi, ilirudiwa mara ngapi, na hedhi ilirudi vipi.