Kulobi siyo kuhonga

Jamani hili neno nimelivumilia vya kutosha. Juzi pale feri Mtwara tunasubiri kivuko cha kwenda Msangamkuu, kusi inavuma mpaka akina mama wanashikilia kanga, maneno yakafika kwenye laifu jaketi, nani avae nani asivae, kijana mmoja na simu yake mkononi akasema kasoma kwamba huko Marekani vyama vya kambi za watoto, zile wanazopelekwa likizo ya kiangazi, vinalobi serikali kuhusu kanuni za boti. Akamalizia, "Si mnaona, hata wazungu wanahongana." Watu wakacheka, mzee mmoja akaitikia "dunia nzima hiyo," kivuko kikaja, mada ikaishia hapo. Mimi nikavuka na donge langu.

Kulobi ni kumwendea mwenye mamlaka ya kuamua, au kumwandikia, ukamweleza kwa nini aamue hivi na asiamue vile. Basi. Akikubali kwa sababu ya hoja yako, umelobi. Akikubali kwa sababu ya bahasha yako, hiyo ni hongo na jina lake tunalo siku nyingi.

Neno lenyewe limetoka kwa Waingereza, na wao asili yake wameitoa kwenye Kilatini cha zama za kati, lobia, yaani ukumbi au varanda yenye paa. Bunge la London lina ukumbi wa namna hiyo ambapo raia anamsubiri mbunge wake amweleze shida yake, na jina la mahali likageuka jina la kazi inayofanyika pale. Kuna hadithi inapendwa sana kwamba neno lilianzia kwa rais Grant wa Marekani, eti watu walikuwa wanamvizia kwenye ukumbi wa hoteli ya Willard akivuta sigara yake. Tamu, ila siyo kweli, neno lilishakuwepo kwenye siasa zao miaka mingi kabla hajawa rais.

Na sisi watu wa pwani ndio hasa hatukutakiwa kulikosea hili, maana tuna la kwetu linalofanana nalo kabisa: baraza. Nenda Mikindani kwenye zile nyumba za zamani, baraza ni pale mbele ya mlango watu wanapokaa jioni, lakini baraza pia ni la madiwani, la ardhi, la mawaziri. Kutoka sehemu ya kukaa hadi sehemu ya kuamua mambo. Mtu akisema kesi iko barazani hakuna anayedhani kuna bahasha imepita.

Shida nadhani imeletwa na tafsiri. Kulobi tumekuita kushawishi, na kushawishi kwetu kuna harufu ya shetani. Wakatoliki kuanzia Ndanda mpaka Newala wanasali kila siku "usitutie katika kishawishi", sasa mtu huyohuyo ukimwambia chama fulani kimemshawishi waziri unategemea aelewe nini? Rushwa yenyewe ni neno la Kiarabu, na wanazuoni wa lugha hiyo wanalihusisha na rishaa, kamba ya kuvutia ndoo kisimani. Mimi hiyo naipenda. Mtoa rushwa hana hoja ya kueleza, ana kamba tu, anashusha ndoo inapanda na maji.

Turudi kwa hao wa kambi. Kule mlinzi wa pwani, yaani kikosi cha serikali kiitwacho Coast Guard, akitaka kuweka kanuni mpya ya boti, kwa kawaida anatangaza rasimu kwenye gazeti la serikali, watu wanaandika maoni, na yeye lazima ayazingatie kabla hajafunga mjadala. Sheria inayomtaka afanye hivyo ni ya 1946. Kwa mfano kanuni yao ya 2002 inasema mtoto chini ya miaka 13 avae jaketi boti ikiwa inatembea, labda awe chini ya sitaha au ndani ya kabini iliyofungwa, na kama jimbo lina umri wake basi unafuatwa wa jimbo. Sisemi hiyo waliiandika watu wa kambi. Nasema mwenye kambi ya ziwani, mwenye watoto mia na mitumbwi yake, kanuni kama hiyo inamgusa, na anajua vitu ambavyo ofisa wa mjini hajawahi kuviona. Chama chao kikubwa, American Camp Association, kipo tangu 1910 na kina viwango vyake vya usalama vikiwemo vya majini, kwa hiyo kikiandika barua kinaandika kutokana na kazi.

Na hapa ndipo panaponiudhi zaidi. Sheria ya Marekani ya 1995 inawataka walobi wajisajili na waseme nani anawalipa (ndiyo, pesa zipo, sikatai, na wengine wanalipwa vizuri tu), lakini kujibu tangazo la serikali lililoomba maoni haihesabu hata kama kulobi. Yaani kijana wangu kamwita mhongaji mtu ambaye kwa kuandika barua ya maoni ya namna hiyo sheria ya kwao haimwiti hata mlobi!

Uingereza nako, 1993, wanafunzi wanne wa Plymouth walikufa baharini Lyme Bay wakiwa kwenye safari ya kayaki ya kituo cha michezo. Wazazi wakapiga kelele, mbunge wa hapo kwao akapeleka muswada binafsi, na 1995 ikapita sheria ya kuvipa leseni vituo vya aina hiyo. Wazazi wale walimhonga nani?

Hata kwetu Katiba ibara ya 21(2) inampa raia haki ya kushiriki kwenye maamuzi yanayomgusa. Siku BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi wa pwani yao, ya Msimbati au ya Kivinje ikimwandikia waziri kuhusu boti za faiba, itakuwa imelobi, na mwenyekiti hana haja ya kujificha.

Kwa hiyo mdogo wangu wa pale feri, sikukukatiza kwa sababu kivuko kilikuwa kimeshafungua mlango na mimi nina mzigo. Wakihonga sema wamehonga. Hawa uliowasoma wamelobi.