Pingi Si Spidi ya Intaneti

Sikiliza mashindano ya gemu za risasi yakitangazwa na vijana wetu hapa Mombasa, iwe PUBG Mobile au Call of Duty Mobile, na haipiti raundi kabla mtu hajailaumu pingi. Mchezaji akiganda, ataambiwa bando limekwisha. Akichelewa kufyatua, intaneti yake haina nguvu. Skwadi ya Pwani ikitolewa mapema na skwadi ya Dubai, mtangazaji anahitimisha kwamba kanda yetu haina shabaha. Hayo ni mambo matatu tofauti, na yote yanaitwa pingi.

Maana yenyewe ni fupi. Pingi ni muda unaochukuliwa na ujumbe mdogo kutoka kwenye simu au kompyuta yako hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, na jibu lake kurudi. Hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu moja ya sekunde. Ikiwa ndogo, ndiyo nzuri.

Jina lina asili yake, na hata hiyo asili inapotoshwa. Mike Muuss alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Marekani, jimbo la Maryland. Desemba 1983 aliandika programu fupi ya kuchunguza mtandao uliokuwa ukimsumbua, akaiita ping kwa kufuata mlio wa sona, kile chombo cha nyambizi kinachotoa sauti majini na kusubiri mwangwi. Wapo wanaofundisha kwamba hizo ni herufi za mwanzo za maneno kadhaa ya Kiingereza. Maneno hayo yalibuniwa na mtu mwingine baadaye, na Muuss mwenyewe alieleza kwamba jina alilitoa kwenye sauti ya sona. Nalishikilia jambo hili kwa sababu sona inaeleza kila kitu. Nahodha wa nyambizi hajali mlio wake ni mkubwa kiasi gani. Anapima mwangwi umechukua muda gani kurudi, na muda huo ndio unaomwambia umbali. Tangu siku ya kwanza, pingi ni habari ya umbali.

Spidi unayouziwa kwa megabiti ni kitu kingine: ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Fikiria feri ya Likoni. Ukileta feri inayobeba magari maradufu, watavuka wengi zaidi kwa siku, lakini maji ya kuvuka ni yale yale na aliyepanda anafika ng'ambo kwa muda ule ule. Ni kweli, foleni ikijaa hata pingi hupanda, ndiyo maana ndugu yako akipakua filamu chumba cha pili, wewe unaanza kuganda. Foleni ikiisha, umbali unabaki palepale. Na gemu ya risasi yenyewe, ukishaipakua, hutumia data kidogo sana inapochezwa. Anayehama kifurushi cha megabiti 10 kwenda cha 40 ili ashushe pingi mara nyingi ananunua asichokihitaji.

Hapa ndipo watu wa Mombasa wanapobisha zaidi. Kebo za baharini zinatua kwetu: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010. Mbona basi sisi tusiwe na pingi ya chini kuliko wote? Kwa sababu kebo inatua hapa, lakini seva haiko hapa. Ndani ya nyuzi za fiba mwanga husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. TEAMS ina urefu wa karibu kilomita 5,000 kutoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Gawanya mwenyewe: milisekunde 25 kwenda, 25 kurudi. Hiyo 50 huwezi kushuka chini yake, hata kabla hujahesabu mnara wa simu na waifai ya nyumbani. Ukicheza kwenye seva ya Ulaya, njia inapanda Bahari ya Shamu, inakata Misri hadi Mediterania, na hapo zungumzia 100 au zaidi. Aliye Ghuba, seva ikiwa huko huko, hana mzigo huo.

Na mzigo huo unaubadilisha uchezaji. Kwenye gemu hizi, anayechomoza konani humwona anayesubiri kabla ya yeye kuonwa, kwa kuwa habari za kuchomoza kwake ni lazima zifike kwenye seva, kisha ziende kwa mwenzake. Pingi ikipanda, pengo hilo linapanuka. Mchezaji wa pingi 120 anayelinda mlango kimya kimya hujifunza upesi kwamba kusubiri kunamuua, basi anavamia. Mtangazaji anaona uvamizi huo na kusema vijana wa Afrika Mashariki hawana subira. Maneno hayo yananiuma, maana subira wanayo. Wamezoea tu kucheza na seva iliyo mbali.

Sidai kwamba kila tofauti ya kanda inatokana na pingi. Kanda zina malezi yao, makocha wao na wapinzani wao wa kila siku. Wabrazili waliokuja kuchezea timu ya Luminosity Gaming walihamia Marekani 2015 ili wapambane na timu kali za huko, na mwaka uliofuata wakatwaa Meja, yaani mashindano makubwa ya gemu ya risasi ya Counter-Strike, mjini Columbus. Mashindano yale yalichezwa ukumbini, timu zote zikiwa kwenye mtandao mmoja, umbali ukiwa umeondolewa kabisa. Mahali kama hapo mtangazaji ana haki ya kuuchambua mtindo wa Wabrazili au wa Wazungu, kwa sababu anachokiona ni mchezo mtupu.

Kwa hiyo, ndugu zangu watangazaji, mtu akiganda na namba iko kwenye skrini, isomeni hiyo namba na mseme pingi yake imepanda. Spidi iacheni hadi mtakapokuwa mnazungumzia kupakua. Na kabla hamjasema kanda fulani haina shabaha, mwambieni kwanza msikilizaji seva ya siku hiyo iko wapi.