Gigahezi hazijumlishwi, na wala siyo spidi ya kompyuta

Jamani hii hesabu ya "kori mbili mara 1.6 unapata 3.2" imeshanichosha masikio, yaani prosesa (ubongo wa kompyuta) ikiwa na kori mbili, sehemu mbili za kufanyia kazi, za gigahezi 1.6 kila moja, mtu anakuhesabia 3.2. Utaisikia Darajani, utaisikia Mlandege, hapa Unguja, ukipanda boti ukavuka mpaka Chake, Pemba, unaikuta vilevile, na wanaoisema si watu wasiojua kitu, ni vijana wenye mikono yao, wanafungua mashine wanabadilisha ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) huku wanazungumza na mteja. Mzee anakuja kumtafutia mtoto wa skuli kompyuta ya bei ya chini, anaoneshwa mbili za mtumba, moja ina prosesa ya Celeron D 351 ya gigahezi 3.2 na nyengine ina Pentium Dual-Core E2140 ya gigahezi 1.6, halafu anaambiwa "hizi sawasawa tu mzee, hii ina kori kubwa moja na hii ina ndogo mbili, chukua unayoipenda". Siyo sawasawa. Hazikaribiani hata kidogo, na pesa ya mzee ni ileile.

Maana yake ni fupi. Ndani ya prosesa mna saa inayopiga, na kila pigo prosesa inasogeza kazi hatua moja mbele. Hezi moja ni pigo moja kwa sekunde, gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Basi. Inakwambia saa inapiga mara ngapi, haikwambii katika kila pigo imemalizika kazi kiasi gani, na spidi unayoiona wewe ukifungua faili ni hayo mawili yakizidishwa, mapigo mara kazi ya kila pigo. Anayekutajia gigahezi peke yake amekupa nusu ya hesabu.

Hiyo nusu ya pili ndiyo inayozitenganisha hizi mashine mbili. Celeron D ilianza kutoka 2004 na ndani yake ni ukoo wa Pentium 4, ule muundo ambao Intel, wenye kuzitengeneza, waliuita NetBurst. Ulipangwa kwa shabaha moja, gigahezi zipande, na walikuwa wakizungumzia kufika 10. Ili saa ipige haraka namna hiyo ikabidi kila amri ikatwekatwe vipande vidogovidogo, na kwenye toleo la Prescott, ambalo ndilo lililomo humo kwenye Celeron D 351, njia ya amri ikafika hatua 31. Chukulia watu wanaomwaga zege la ghorofa, wamejipanga kwenye ngazi wanapokezana makarai. Ukiweka watu 31 kila mmoja anasogeza karai kidogo tu, mikono inakwenda mbiombio ukiitazama utasema kazi inakimbia, lakini ikigundulika juu kwamba zege lile silo lililotakiwa, makarai yote yaliyoko njiani yanamwagwa na mstari unaanza upya kutoka chini. Prosesa ndivyo inavyofanya kila mara, maana programu zimejaa "ikiwa hivi fanya hivi, ikiwa vile fanya vile", na prosesa haingoji jibu, inabashiri na kuendelea, ikikosea inatupa yote iliyoyaanza. Njia ikiwa ndefu, kosa moja linakula mapigo mengi. Halafu Celeron D ilipunguziwa na kashe, yaani ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, ikaachiwa kilobaiti 256 tu kwenye ngazi ya pili, kwa hivyo mapigo mengi mengine yanapita inasubiri data ije kutoka kwenye ram. Bilioni 3.2 kwa sekunde, na sehemu kubwa inapiga bure.

E2140 ni ya 2007 na ni ukoo mwengine kabisa, ule wa Core uliotoka 2006 na Core 2 Duo. Njia yake ina hatua 14, kila kori inaweza kupokea amri nne kwa pigo moja, na kashe ni megabaiti 1 inayotumiwa na kori zote mbili. Ukiichukua kori moja tu ya E2140, ile nyengine ukaisahau kabisa, basi kwa kazi nyingi za kawaida hiyo moja ya 1.6 inaifikia Celeron D ya 3.2 au inaipita. Na bado ina ya pili.

Sasa tuje kwenye hiyo ya pili, maana hapa ndo penye kosa lenyewe. Kori mbili za 1.6 ni kori mbili za 1.6. Hazigeuki 3.2, kwa sababu hakuna saa yoyote mle ndani inayopiga mara bilioni 3.2. Kori ya pili inasaidia pale kazi inapoweza kugawika, au kazi zikiwa zaidi ya moja, antivairasi inapekua huku mtoto anaandika na muziki unacheza, hapo utaiona tofauti bila ya kuambiwa. Kazi moja isiyogawika itakaa kwenye kori moja na ile nyengine itakuwa imepumzika. Ukizidisha unaiongezea kitu isichokuwa nacho, na papo hapo unaificha sifa yake ya kweli.

Na nyengine inayoniudhi, hiyo herufi D. Pentium D ya 2005 ina kori mbili, kweli, lakini Celeron D ina kori moja tu, herufi ile haihesabu kori. Nimeshaona mashine imebandikwa kikaratasi "Celeron Dual" kwa sababu ya D hiyo, na mtu kalipia kori asiyoipata.

Siwalaumu vijana wa madukani, hili tumefundishwa na wenye viwanda wenyewe. Miaka ile matangazo yote yalikuwa ni namba, Machi 2000 Intel na wapinzani wao AMD walishindana nani atauza gigahezi 1 mwanzo na wakapishana siku chache tu. Mwaka uliofuata AMD wakaona namba inawaonea, Athlon XP yao ya gigahezi 1.33 wakaipa jina 1500+ ili mnunuzi asiidharau kwa saa yake. Na Intel wenyewe Pentium 4 iligota kwenye 3.8, ile ya 4 waliyoahidi wakaifuta mwisho wa 2004 kwa sababu ya joto, wakarudi kwenye saa za polepole zenye kazi zaidi kwa kila pigo. Joto hilo hata wewe unalilipia, Celeron D 351 imepimiwa wati 84 na E2140 wati 65, na kwa hali ya hewa yetu na umeme wa tukuza, ule wa kununua kabla ya kuutumia, hicho si kitu kidogo kwa mashine inayowashwa kutwa.

Gigahezi ina mahali pake, usinielewe vibaya. Ukiwekewa E2140 ya 1.6, E2160 ya 1.8 na E2180 ya 2.0, zote ni ukoo mmoja, kori mbilimbili, kashe sawa, hapo namba kubwa ndiyo bora na huna haja ya kuuliza zaidi. Ukivuka ukoo tu namba imepoteza maana. Laptopu za juzijuzi nazo zina lao, Celeron N4000 inaandikwa 1.10 na watu wanaikimbia wakidhani haizidi hapo, kumbe ikipata kazi inapanda mpaka 2.6, ile ya kwanza ni saa yake ya msingi tu.

Basi mdogo wangu wa dukani, mteja akikuuliza spidi mtajie jina kamili la prosesa pamoja na namba zake, kori ngapi, kashe kiasi gani, ndo mwisho uje na gigahezi. Na ile E2140 kwenye kikaratasi iandikie "1.6, kori mbili", usiizidishe.